Anzia namba ya chini: kulinganisha darubini fupi za bunduki za uwindaji

Mpwa wangu anajifunza kazi ya uwindaji bingwa. Mwezi uliopita alinipigia simu: "Shikamoo mjomba. Ninunue darubini ipi, ya mara 6 au ya mara 8?" Nikamwambia swali lake limeanzia mkiani. Hizi darubini fupi, 1-4, 1-6, 1-8, yaani zinazokuza kuanzia mara 1 hadi mara 4, 6 au 8, watu huzinunua kwa namba ya juu, lakini porini zinakuokoa kwa namba ya chini.

Niliwahi kuwa na mwanagenzi upande wa Rungwa, tunafuata nyayo za nyati madume watatu. Asubuhi alikuwa ameizungusha darubini yake hadi 6 amtazame kongoni wa mbali, akasahau kuirudisha. Tulipoingia kichakani, nyati akasimama hatua 30 mbele yetu. Kijana akapandisha bunduki, kimya. "Mzee, naona nyeusi tu."

Hakuwa muoga. Chukua Vortex Strike Eagle 1-6x24: ikiwa kwenye 6 inaonyesha upana wa kama mita 6.4 kwa umbali wa mita 100. Kwa mita 30, upana huo hata mita 2 haufiki. Nyati mzima haenei humo. Unaona manyoya, hujui ni bega au tumbo. Kwenye 1, darubini hiyohiyo inakupa karibu mita 39 kwa mita 100.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, azima mbili tatu uzipime. Toa risasi zote, chungulia chemba, na mwenzako achungulie pia. Kisha fumba macho, pandisha bunduki begani kama kawaida yako, ndipo ufumbue. Ukikuta picha nzima imejaa, vizuri. Ukikuta kivuli cheusi pembeni na shingo inaanza kutafuta, darubini hiyo imefungwa vibaya au haikufai. Fanya hivyo mara 20 kwa kila moja. Mara 3 hazisemi kitu.

Halafu simama kwenye 1, macho yote mawili wazi, utazame fremu ya mlango. Mstari wa fremu ndani ya darubini na ule wa nje ukiungana bila kuruka, hiyo ni 1 ya kweli, haikuzi kitu. Leupold VX-Freedom 1.5-4x20 haiwezi kuufaulu mtihani huu kwa sababu inaanzia 1.5, ila ni nyepesi mno, na kwa mtu anayetembea kutwa nzima mimi naona inasamehewa.

Mwanga wa jioni ndio mtihani wenye hesabu. Gawa upana wa lenzi ya mbele, kwa milimita (ile namba baada ya x), kwa namba ya kukuza. 24 kwa 6 ni 4. 24 kwa 8 ni 3. Ile Leupold, 20 kwa 4, ni 5. Huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni, na mboni gizani huweza kufunguka zaidi ya hapo. Swarovski Z8i 1-8x24 ina vioo vya ajabu, na bei yake pia ni ya ajabu, lakini jua likizama ukaing'ang'ania 8 inakuwa giza. Irudishe 4, upate milimita 6. Tundika kitambaa cheusi chini ya mti, ukae, uone ni darubini ipi inapoteza kwanza msalaba, ile mistari ya kulengea. Nukta nyekundu ya taa katikati ya msalaba inasaidia hapo, ila ijaribu na saa sita mchana: nyingine jua likiwaka huzioni kabisa. Betri ya akiba ifungie kwenye kitako kwa plasta.

Kuhusu msalaba: ipo aina unaokua na kupungua kadiri unavyozungusha, na ipo aina usiobadilika. Kwa kulenga mbali wa kwanza ni mzuri. Kichakani, kwenye 1, unakuwa uzi wa buibui. Kwa nyati nachukua usiobadilika, basi.

Teke la .375, bunduki kubwa ya nyati, usilidharau. Juu ya jicho langu la kulia nina kovu nililolipata nikiwa nimelala kifudifudi, nalenga mlimani. Ukilala hivyo jicho linasogea mbele bila wewe kujua. Strike Eagle inakupa milimita 89 kati ya jicho na lenzi, Z8i milimita 95. Chini ya hapo sifungi kwenye bunduki kubwa.

Risasi za .375 ni ghali, kwa hiyo mazoezi mengi yafanye kwa .22, bunduki ndogo ya risasi za bei rahisi, mita 25, darubini ikiwa ya umbo lilelile. Kama tiki yake moja, mlio mmoja wa kitufe cha kurekebisha shabaha, ni sentimita 1 kwa mita 100, hapo itakuwa milimita 2.5. Zungusha tiki 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto, ukipiga kila kona. Risasi ya mwisho isiporudi ilipoanzia, rudisha dukani.

Mpwa wangu amechukua 1-6. Nimempelekea tone moja tu la ushauri: rangi ya kucha kwenye pete ya kuzungushia, sambamba na 1, iwe na kinundu kidole kikipapase bila kuangalia. Ya kwangu ni nyekundu. Mke wangu chupa bado anaitafuta.