Ledebouria kwenye chungu, tunguu usilifukie

Kila anayepita barazani kwangu anauliza kile kimmea gani, majani rangi ya fedha na madoa ya kijani, ukiligeuza jani chini zambarau. Ni Ledebouria socialis, kwao Afrika Kusini, upande wa Eastern Cape, sie hapa nyumbani tunakiita chui tu basi.

Mambo yote yako kwenye tunguu, lile bonge la chini kama kitunguu (sio Tunguu ya kule Unguja jamani). Maji yake kayaweka humo, kwa hiyo usilifukie, mizizi na theluthi ya tunguu ndo ziingie udongoni, lilobaki liwe nje lipigwe upepo. Mie vya mwanzo nilivifukia vyote kama mbegu za kunde, masika yakaja, navuta jani likanijia mkononi, kuchimba nakuta uji mtupu na harufu juu.

Udongo wa kinamo usiuguse kabisa, unashika maji. Changanya kichanga na kokoto ndogo nusu kwa nusu, tia na mbolea ya majani kidogo. Mchanga wa pwani una chumvi, kama huna mwengine uoshe kwanza kwa maji ya mvua mara tatu nne. Chungu kiwe kifupi tu, chenye matundu.

Jua la asubuhi zuri, la saa saba linaunguza. Ukikiweka kizani majani yanarefuka yanalegea na madoa yanafifia, halafu mtu anasema kauziwa mmea feki!

Kumwagilia tia kidole, kukiwa kukavu mwaga maji mpaka yatoke chini, kisha muache. Kiangazi mie naenda kama mara moja kwa wiki, kipupwe napunguza, masika nakiingiza chini ya paa maana mvua zile hazina simile. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha utando mweupe, bora ukinge maji ya mvua.

Matunguu yanazaana yenyewe, chungu kikijaa yatenganishe, yaache kivulini siku mbili yakauke vidonda ndo upande. Vidudu vyeupe kama pamba vifute kwa pamba na spiriti.

Na kina sumu kikiliwa, kwa hiyo watoto na paka mbali, na kama mtaani kwenu mbuzi wanajikaribisha kama kwetu, kipandishe juu ya ukuta.