Transfoma za honi na maiki: kutafuta mwanzo na mwisho wa koili

Msikiti una honi nne mnarani. Amplifaya ni nzima, na kila honi ukiijaribu peke yake inalia vizuri. Zikiwashwa zote, aliyekaa uani kati ya honi mbili anasikia sauti nyembamba isiyo na kifua. Kabla hujamwambia mwenye kazi anunue amplifaya nyingine, kagua transfoma za honi. Huenda moja imeungwa kinyume: honi hii inapousukuma upepo, mwenzake anauvuta, na sauti zinafutana.

Transfoma haina chanya na hasi ya kudumu, maana mkondo wa sauti unageuka kila mara. Ina mwanzo na mwisho wa kila koili, na mwanzo wa praimari (koili inayopokea) hupanda na kushuka pamoja na mwanzo wa sekondari (koili inayotoa). Kwenye mchoro huwekewa nukta. Shida ni kwamba hapa Ngamiani, Tanga, nyingi zinazofika mezani kwangu zimeshasukwa upya, na aliyesuka alitumia waya wa rangi aliyokuwa nayo. Rangi usiiamini, pima.

Hatua ya 1. Zima amplifaya, fungua transfoma. Kwa upepo wa bahari wa Tanga, ncha utazikuta na kutu ya kijani. Zikwangue mpaka shaba ing'ae.

Hatua ya 2. Weka mita kwenye omu utenge koili: ncha zinazosomana ni za koili moja. Upande wa laini ya volti 100, yaani waya zinazotoka kwenye amplifaya, husoma omu nyingi kuliko upande wa spika. Ila usishangae: transfoma ya wati 10 ikifungiwa honi yake, laini inaiona kama omu 1,000, lakini mita haitakuonyesha hizo. Mita inapima waya mtupu kwa mkondo wa betri, na zile 1,000 ni za mkondo unaogeuka. Kuna wanaozitupa nzima kwa sababu hii tu.

Hatua ya 3. Tafuta mita ya mshale. Ya namba inachelewa. Iweke kwenye volti za DC (mkondo usiogeuka, kama wa betri), kipimo cha chini kabisa, na uifunge kwenye sekondari. Chukua betri ya volti 1.5. Hasi yake ifunge ncha moja ya praimari, chanya iguse ncha ya pili, huku jicho liko kwenye mshale. Ukiruka kulia pale unapogusa, ncha ya chanya ya betri na ncha yenye waya mwekundu wa mita ni mwanzo zote mbili. Ukiruka kushoto, geuza waya za mita urudie. Unapotoa betri mshale huruka upande wa pili; huo usiuhesabu. Honi ya omu 8 kwa wati 10 ina uwiano wa kama 11 kwa 1, kwa hiyo mruko ni kama volti 0.13 tu, wa mara moja. Usishike ncha tupu kwa vidole, kwani betri ikitolewa koili hutema volti nyingi kuliko za betri, na inang'ata. Mwanzo uweke nukta ya rangi ya kucha. Haifutiki kwa jasho.

Transfoma ya maiki usiiguse kwa betri, wala kwa omu za mita. Chuma chake cha nikeli kinabaki na sumaku, na sauti inakwaruza. Hiyo ipimwe kwa toni ya hezi 200 kutoka kwenye simu, ikiingizwa kwenye praimari, sauti ikiwa chini. Unga ncha moja ya praimari na ncha moja ya sekondari, kisha pima volti za AC (mkondo unaogeuka) kati ya ncha mbili zilizobaki. Linganisha na koili yenye volti kubwa zaidi. Zikipungua, ulizounga ni za jina moja, mwanzo na mwanzo au mwisho na mwisho. Zikizidi, umeunga mwanzo na mwisho.

Hatua ya 4. Praimari yenye koili mbili zinazolingana: kwa mfuatano, mwisho wa kwanza unaungwa na mwanzo wa pili, kwa sambamba, mwanzo na mwanzo, mwisho na mwisho. Koili za omu 150 kila moja (omu za mkondo unaogeuka, si za mita) kwa sambamba zinabaki 150, kwa mfuatano zinakuwa 600. Ukikosea mfuatano, sauti inapotea. Ukikosea sambamba, koili zinafutana na amplifaya inaona shoti.

Hatua ya 5. Rudisha transfoma, mwanzo wa kila praimari kwenye waya uleule wa laini, na mwanzo wa kila sekondari kwenye chanya ya honi. Kwenye plagi ya maiki, pini 2 ndiyo chanya kwa kiwango cha AES14 cha 1992, cha chama cha wahandisi wa sauti. Vifaa vya zamani vingine hutumia pini 3.

Sasa simama katikati, mtu aongee kwenye maiki, mwingine ageuze waya za honi moja. Uungaji unaotoa sauti nzito ndio sahihi. Ukiona noti fulani tu zinapotea, huo ni umbali. Honi moja ikiwa mbali zaidi yako kwa mita 1, sauti yake inachelewa karibu milisekunde 3: hezi 175 inafutika, hezi 350 inaongezeka. Hapo kugeuza waya hakusaidii. Sogeza honi.