Kompyuta uliyoiunda haiwaki: anzia hapa

Kabla hujashuku kifaa chochote, tazama mashine inafanya nini ukibonyeza swichi. Huenda ikakaa kimya kabisa, au feni zikazunguka kidogo na kuzima, au zikazunguka vizuri huku skrini ikibaki nyeusi. Kila hali ina njia yake, na mara nyingi kosa huwa ni waya ambao haukuingia sawasawa, kwa hiyo usikimbilie dukani.

Kimya kabisa

Angalia swichi ya nyuma ya pawa saplai (kifaa kinachoigawia kompyuta umeme): I ni kuwasha, O ni kuzima. Baadhi ya pawa saplai za bei nafuu zina kiswichi cha kuchagua 115 au 230. Kwa umeme wa Tanzania na Kenya lazima kiwe 230. Ukikiacha kwenye 115, pawa saplai itaungua.

Kisha sukuma kebo pana ya pini 24, inayopeleka umeme kwenye ubao mama (ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote), mpaka kilimi chake kishike. Ni ngumu, na wengi huishia njiani wakiogopa kuuvunja ubao huo. Baada ya hapo angalia kijiwaya cha PWR SW (cha swichi ya kuwashia) kinachotoka kwenye kasha. Kinakaa kwenye pini mbili maalumu, na kijitabu cha ubao ndicho kinachoonyesha zipi. Kichomoe, ugusishe pini hizo mbili kwa ncha ya bisibisi kwa sekunde moja. Ikiwaka, ubao hauna tatizo. Ama ulikosea pini, ama swichi ya kasha ni mbovu.

Inawaka na kuzima

Hapa fikiria shoti. Chini ya ubao kuna vinguzo vya chuma vinavyouinua usiguse kasha. Kinguzo kilichobaki mahali pasipo na tundu la skrubu hugusa saketi kwa nyuma, na pawa saplai hujizima ili kujilinda. Skrubu iliyodondoka na kujificha hufanya vivyo hivyo. Angalia pia kama kipoza prosesa kimekaa sawa na karatasi yake ya plastiki imebanduliwa.

Feni zinazunguka, skrini nyeusi

Hili ndilo linalosumbua zaidi. Anza na kebo ya umeme wa prosesa, yenye pini 8, juu kushoto mwa ubao. Husahaulika sana kwa sababu feni huweza kuzunguka bila hiyo. Imeandikwa CPU na hugawanyika 4+4. Ile ya 6+2 ni ya kadi ya picha, usizichanganye.

Kebo ya skrini iende kwenye kadi ya picha, si kwenye ubao. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, na Ryzen 5 5600 isiyo na G, haziwezi kutoa picha zenyewe bila kadi, hivyo matundu ya ubao hayatatoa kitu.

RAM (kumbukumbu ya muda): acha kijiti kimoja tu, kwenye tundu la pili kutoka kwa prosesa, ukibonyeze mpaka kilie. Kisha jaribu kijiti kingine. Kwa RAM ya aina ya DDR5, hasa kwenye ubao wa AM5 (soketi ya prosesa mpya za AMD), mwasho wa kwanza unaweza kuchukua dakika kadhaa ubao ukipima RAM. Usiuzime, subiri hata dakika 15.

Bao nyingi za sasa zina taa ndogo nne: CPU (prosesa), DRAM (RAM), VGA (kadi ya picha) na BOOT (diski ya kuanzia). Inayobaki inawaka ndiyo inayokuelekeza. Ikiwa ni ya CPU kwenye ubao wa zamani kama B450 wenye Ryzen 5000, huenda BIOS (programu ya ndani ya ubao) haiitambui prosesa hiyo. Baadhi ya bao husasishwa kwa fleshi na kitufe cha nyuma, bila hata prosesa kuwepo.

Bado? Zima, chomoa kebo ya umeme ukutani, toa betri ya CR2032 (ile ndogo ya mviringo kwenye ubao) kwa dakika tano, irudishe. Ikishindikana, toa ubao nje ya kasha, uweke juu ya boksi lake la katoni, ubakize prosesa, kipoza, kijiti kimoja cha RAM na, kama prosesa haiwezi kutoa picha, kadi ya picha. Ikiwaka hapo, kosa liko kwenye kasha au kwenye kifaa ulichokitoa. Isipowaka, toa prosesa kwenye soketi ukague pini kwa tochi: kwa AM4 (soketi ya AMD ya kabla ya AM5) ziko kwenye prosesa, kwa AM5 na Intel ziko kwenye soketi.