Jinsi ya Kufundisha Athari ya Pombe kwenye Umeme wa Ubongo

Ukiwa unafundisha baiolojia Newala au Masasi, usianze na mchoro wa ubaoni. Anza na mabibo. Msimu wa korosho unapofika, mabibo yaliyoanguka huchacha chini ya mikorosho, na wanafunzi wanajua kwamba juisi yake ndiyo huwa uraka, kwa hiyo pombe yenyewe haihitaji maelezo marefu.

Kisha eleza kwamba seli za ubongo huwasiliana kwa umeme hafifu, ambao Mwingereza Richard Caton aliupima kwa sungura na kima na kutoa taarifa mwaka 1875. Hatua inayofuata ndiyo ya kuchukulia muda. Seli huiamsha jirani yake kwa kemikali iitwayo glutameti na huituliza kwa nyingine iitwayo GABA. Pombe huipa nguvu GABA na kuidhoofisha glutameti, yaani breki hukazwa huku mafuta yakipunguzwa. Chora mstari unaoonyesha umeme wa ubongo wa mnyama aliye macho: mawimbi madogo, ya haraka, yasiyo na mpangilio. Chini yake chora wa mnyama aliyelewa sana: mawimbi makubwa ya polepole, chini ya 8 kwa sekunde.

Malizia na upande ambao mimi huuona mtamu zaidi. Mnyama aliyezoeshwa pombe kwa muda mrefu akinyimwa ghafla, ubongo wake, uliokuwa umejirekebisha ili kushindana na breki hizo, hubaki umechachamaa, na mstari huonyesha miiba mikali inayoweza kuishia kwenye degedege.

Mbuzi wa jirani asileweshwe kwa jaribio, chaki inatosha.