Tope Limetoka Wapi? Somo la Maji kwa Chupa Tatu na Mbegu za Mlonge

Siku bomba likitoa maji ya rangi ya chai, mtoto wa Dar es Salaam haulizi la kufanya. Anakinga ndoo, anayaacha yatulie, anachota ya juu. Sasa muulize tope lile limetoka wapi. Darasani kwangu jibu ni moja kila mwaka: "Kwenye bomba, madam."

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili yanatoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro. Mvua ikipiga shamba lililo wazi huko mlimani, udongo unashuka na mto. Ukiyaandika haya ubaoni watanakili, watafunga daftari, basi. Ndiyo maana mimi nawaachia watengeneze tope kwanza, halafu walitoe wenyewe. Usigeuze mpangilio huu. Ukianza na kusafisha, watoto wanaona mazingaombwe tu.

Somo linahitaji vipindi viwili vinavyofuatana na maandalizi ya wiki tatu. Nalifanya na darasa la tano.

Hatua ya 1: Chupa (wiki tatu kabla)

Kila kikundi kilete chupa tatu za maji za lita moja na nusu. Zilaze, ukate dirisha refu upande wa juu. Kukata ni kazi yako mwalimu, usimpe mtoto kisu. Jaza udongo mpaka chini kidogo ya usawa wa mdomo wa chupa, ushindilie kwa kiganja.

Udongo ndio unaoamua kama somo litafanikiwa. Mwaka wa kwanza nilichota mchanga wa uwanjani kwetu, maana ndio uliokuwepo. Tukamwaga maji, yakanywewa yote, chupa zote tatu zikatoa vijitone visafi, na mimi nimesimama pale sina la kusema. Tafuta udongo mwekundu wenye mfinyanzi, ule unaonata kwenye viatu. Wanaochimba misingi ya nyumba watakupa bure.

Chupa ya kwanza iache tupu, yaani udongo peke yake. Ya pili itandazwe majani makavu siku ya somo. Ya tatu panda ulezi au mtama, mbegu zibanane, na umwagilie kila siku. Baada ya wiki tatu mizizi inakuwa imeshika udongo. Mara moja nilichelewa nikapachika nyasi za kung'oa. Maji yalipita chini yake yakatoka machafu kuliko ya chupa tupu.

Hatua ya 2: Kipimo

Chukua kizibo cheupe cha chupa, kitoboe katikati, pitisha uzi. Kizibo kinaelea, kwa hiyo funga nati chini yake. Mtoto anakishusha taratibu kwenye maji huku akichungulia kwa juu. Kikipotea machoni anabana uzi usawa wa maji, anautoa na kuupima kwa rula: uzi ukiwa mrefu, maji ni maangavu zaidi. Wanaopima uangavu wa maji ya maziwa na bahari wanashusha sahani kwa mtindo huohuo, yao ni kubwa tu.

Hatua ya 3: Mvua

Inua kitako cha kila chupa kwa kipande cha tofali, mdomo uelekee chini, na uning'inize kopo la kukingia. Toboa matundu kwenye kizibo cha chupa nyingine ndogo: hiyo ndiyo mvua yenu. Nusu lita kwa kila chupa, kutoka kimo kilekile.

Kabla hawajamwaga, kila mmoja aandike anachokitarajia. Aandike kwa peni, asije akafuta.

Halafu nyamaza. Hapa walimu wengi tunaharibu, tunaanza kueleza maji yakiwa bado yanatiririka. Darasa la watoto tisini litapiga kelele, waache. Chupa tupu inatema kahawia tangu tone la kwanza. Ya majani makavu inachelewa. Ya ulezi inachelewa zaidi, na kinachotoka ni kidogo na kiangavu zaidi. Mwaka jana binti mmoja aliinua kopo lake akasema, "Madam, yetu ni chai ya maziwa, ya kina Asha ni ya rangi." Tukayaita hivyo mpaka mwisho wa muhula.

Maji ya vikundi vyote yaunganishwe aina kwa aina kwenye chupa zilizokatwa vichwa, yapimwe kwa kizibo, namba ziende ubaoni. Sasa ndipo uchore Ruvu kutoka Uluguru mpaka bombani. Chora na Msimbazi, unaoshuka kutoka vilima vya Pugu mpaka baharini karibu na daraja la Selander, maana huo wanauona kwa macho yao masika ikichanganya.

Swali la kwenda kuchota maji Msimbazi lazima litokee. Jibu ni hapana. Mto ule unapokea maji ya vyoo, na kwenye maji yaliyotulia konokono wa kichocho wanaweza kuwepo. Mtoto anaambukizwa kwa kuingiza miguu tu. Tope letu la darasani linatosha.

Hatua ya 4: Mlonge

Acha maji ya chupa tupu yatulie dakika tano mchanga uzame, kisha chota ya juu. Gawanya mitungi miwili: mmoja utiwe dawa, mwingine usiguswe.

Mbegu zitoke kwenye maganda yaliyokaukia mtini. Menya gamba, kiini kiwe cheupe. Kilichogeuka kahawia tupa. Kwa tope zito kama hili natumia mbegu mbili kwa lita moja. Zitwangwe zilainike, zitiwe kwenye chupa ndogo yenye maji safi kidogo, zitikiswe dakika tano, zichujwe kwa kipande cha kanga. Maji meupe yanayotoka ndiyo dawa.

Mimina, koroga kwa kasi dakika moja, halafu polepole sana dakika kumi. Watoto wapokezane mwiko na wahesabu kwa sauti, la sivyo watakoroga kama ugali. Mwendo wa polepole ndio unaokutanisha chembe: protini za mlonge zina chaji chanya, chembe za mfinyanzi zina chaji hasi, zinashikana na kuwa mabonge yanayoonekana kwa macho. Kisha funika, msiguse kwa saa moja. Mimi huwapeleka mapumziko.

Wakirudi, kizibo kishushwe kwenye mitungi yote miwili.

Hatua ya 5: Onyo

Mtungi wa mlonge utang'aa na kuna mtoto atataka kuonja. Mzuie kabla hajanyoosha mkono. Mlonge unaondoa tope na sehemu ya vijidudu, hauviondoi vyote. Nyumbani maji hayo lazima yachemke, na yasilale zaidi ya siku moja, kwa sababu mabaki ya mbegu ni chakula cha vijidudu vilivyosalia. Waandike sentensi hiyo daftarini na mzazi atie sahihi. Mzazi mmoja aliniletea dumu la maji ya mlonge la wiki nzima, linanuka, akiniambia mwanawe kasema ni dawa.

Mkimaliza, udongo urudi bustanini na mikono ioshwe kwa sabuni. Chupa za ulezi usizitupe. Ukizimwagilia zinastahimili mvua nyingine mbili tatu, na mkondo B wanazisubiri.