Kusafiri kwa ndege kutoka Lubumbashi kwa mgonjwa anayehitaji oksijeni

Mgonjwa wa mapafu anayetumia oksijeni nyumbani anaweza kupanda ndege, mradi familia ihesabu saa zote tangu mlango wa nyumba hadi kitanda cha kule aendako, si zile za angani peke yake. Jijini kwetu, ambako wazee wengi walitumia nguvu zao katika vumbi la migodi ya shaba, hesabu hii ina uzito wa pekee. Mara nyingi tiketi hulipwa kwanza, kisha ndipo habari ya oksijeni inaulizwa. Utaratibu huo unapaswa kugeuzwa.

Anzeni kwa daktari. Ndani ya ndege iliyo juu, hewa hupungua msukumo hadi kulingana na ya mahali penye mwinuko wa mita 2,400 hivi, na mapafu huipokea kana kwamba ni hewa ya pwani yenye oksijeni asilimia 15 badala ya 21. Lubumbashi yenyewe iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, kwa hiyo mtu anayepumua kwa taabu hapa, akiwa ameketi tu, atapata shida zaidi angani. Daktari atapima oksijeni ya damu kwa kifaa cha kidoleni, mgonjwa akiwa amepumzika na baada ya kutembea, kisha ataandika kiwango cha kutumia angani, ambacho kwa kawaida huwa juu kuliko cha nyumbani. Msiongeze wenyewe, kwa sababu kwa baadhi ya wenye ugonjwa sugu wa mapafu, oksijeni ikizidi, hewa chafu ya kaboni dioksidi hujikusanya katika damu. Mwenye hewa iliyovuja kuzunguka pafu asisafiri kabisa mpaka atakapopona na kuruhusiwa.

Baada ya hapo, liulizeni shirika la ndege swali moja lililo wazi: je, mnatoa oksijeni wenyewe, au abiria aje na mashine yake? Mengine hutoa kwa malipo, mengine hayatoi. Mitungi ya nyumbani msiitegemee, kwa maana hata mtungi mdogo huhitaji kibali cha shirika, na mashirika mengi huukataa. Oksijeni ya kimiminika hairuhusiwi. Kinachokubalika zaidi ni mashine ndogo ya kubebeka inayochuja oksijeni kutoka hewani, yenye alama ya mtengenezaji kwamba inafaa kutumika ndani ya ndege. Tena, nyingi ya mashine hizo hutoa hewa kwa kila pumzi tu, na namba 2 juu yake si sawa na lita 2 kwa dakika. Mgonjwa aijaribu mbele ya daktari, akiwa amelala pia, kabla ya kuinunua au kuikodi.

Shirika litadai fomu ya afya iitwayo MEDIF, iliyojazwa na daktari. Ipelekeni mapema kuliko saa 48 kabla ya safari wanazozitaja wengi, na mbebe nakala kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, kwa sababu mfanyakazi wa mapokezi huenda hajaona barua pepe yenu.

Kuhusu betri, mashirika mengi hutaka ziwe za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari: saa kumi za kuruka hudai betri za saa kumi na tano. Mimi ningeongeza muda wa kusubiri Luano, uwanja wa ndege wa hapa Lubumbashi, na wa kubadili ndege. Umeme wa mtaani unavyokatika, zijazeni siku mbili kabla, msingoje usiku wa mwisho, wala msitegemee soketi ya kiti. Betri za akiba hubebwa mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kamwe si katika mizigo ya chini. Zenye uwezo wa zaidi ya saa-wati (Wh) 100 huombewa kibali.

Mahali pa kubadili ndege panahitaji uangalifu kuliko angani. Oksijeni ya shirika kwa kawaida huishia mlangoni mwa ndege. Anayepitia Addis Ababa hushuka katika mji ulio mita 2,300 hivi juu ya bahari, karibu sawa na hali ya ndani ya ndege, kisha hutembea korido ndefu bila mrija wowote puani. Ombeni kiti cha magurudumu wakati wa kununua tiketi, na mashine ya mgonjwa iendelee kufanya kazi huko chini.

Ndani ya ndege, mgonjwa aketi dirishani, mbali na mlango wa dharura, ili mrija usizuie njia ya wengine. Puani asipake vaselini, bali jeli iliyotengenezwa kwa maji, kwa kuwa vitu vya petroli huweza kuwaka penye oksijeni. Dawa za kuvuta zikae mfukoni mwake. Akianza kuchanganyikiwa au midomo ikibadilika rangi, msindikizaji amwite mhudumu mara moja, hata kama mgonjwa mwenyewe anasema hajambo.

Mwenyeji wa kule aendako athibitishe kwamba mashine au mtungi umeshafika nyumbani kabla ndege haijaondoka Lubumbashi. Neno «utaletwa kesho» litoshe kuahirisha safari.