Kabla ya Kupinga Thamani ya Nyumba Yako Texas

Barua ya idara ya uthamini ya kaunti, ambayo kwa kawaida hufika mwezi wa nne, si bili ya kodi ya mali. Inaonyesha thamani ambayo idara inadai nyumba yako ilikuwa nayo tarehe 1 Januari, na hiyo ndiyo unayopaswa kuipinga. Ukingoja bili ya mwezi wa kumi, umechelewa. Mwisho ni 15 Mei, au siku 30 tangu barua ilipotumwa, ukichukua ile ya mbali zaidi. Hesabu tangu ilipotumwa, si ulipoifungua.

Kwanza tazama kama umepewa msamaha wa makazi, yaani punguzo la kodi kwa nyumba unayoishi mwenyewe. Fomu yake ni namba 50-114 na haina malipo; wanaokuandikia wakitaka fedha ili wakujazie, waache. Anwani ya leseni ya udereva lazima ilingane na ya nyumba, na hapo ndipo waliohamia karibuni hukwama. Tangu mwaka wa kodi wa 2025, msamaha huu unapunguza dola 140,000 kwenye thamani inayotozwa na wilaya ya shule. Pia unazuia thamani inayotozwa kodi isipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, usipoongeza jengo. Kinga hiyo huanza mwaka unaofuata, na nyumba ikiuzwa inakufa. Ndiyo maana mnunuzi aliyepiga hesabu kwa bili ya mwenye nyumba wa zamani hushtuka benki inapompandishia malipo ya mkopo ya kila mwezi, yenye kodi ndani yake.

Kwenye fomu ya kupinga weka alama sehemu zote mbili: thamani imezidi bei ya soko, na nyumba yako imethaminiwa juu kuliko zinazofanana nayo. Ukiacha moja, huenda bodi inayosikiliza mapingamizi ikakataa kuisikiliza.

Sasa ushahidi, na hapa usifanye haraka. Pitia kumbukumbu za idara kuhusu nyumba yako: futi za mraba, idadi ya bafu, mwaka wa ujenzi. Gereji ikihesabiwa kama chumba, umeshapata hoja. Sheria ya Texas haimlazimishi mtu kutangaza bei aliyouzia, kwa hiyo muombe dalali orodha ya mauzo ya jirani yaliyo karibu na 1 Januari. Udongo wa Houston na Dallas huvimba na kusinyaa, misingi ikapasuka. Lakini picha ya ufa peke yake haitoshi, ambatanisha makadirio ya fundi yenye kiasi cha fedha. Omba kwa maandishi ushahidi wa idara, ambao inatakiwa kukupa angalau siku 14 kabla ya kikao.

Mara nyingi mthamini hukutana nawe kwanza na kutaja punguzo. Ukisaini, umemaliza. Usipokubali, unakwenda mbele ya bodi, na uamuzi wake una siku 60 za kukata rufaa mahakama ya wilaya. Hata kesi ikiendelea, lipa sehemu isiyobishaniwa kufikia 31 Januari, la sivyo unapoteza haki ya rufaa.